Maswali na majibu: Mistari ya dirisha na sura ya nyumba

Maswali ya safari hii ni mengi, na karibu yote yanahusu mistari ya dirisha. Nikisema mistari nina maana ya vijiti vinavyokata kioo vipande vipande, nondo za grili, na fremu yenyewe. Mpita njia haoni kimoja kimoja. Anaviona vyote vimelaliana. Nyumba nyingi za mji wetu wa Tanga zinaharibika hapo: fundi wa vioo amechora lake, fundi wa kuchomelea amechora lake, na hao wawili hawajawahi kuonana. Kwa hiyo kuna ombi nitakalolirudia kila nitakapopata nafasi: wakutanishe mafundi wako kabla chuma hakijakatwa.

Swali (Kange): Shikamoo fundi. Nimejenga nyumba ya paa la kuficha, madirisha mapana ya futi 6 kwa 5, aluminiamu ya slaidi. Fundi wa vioo amenionyesha picha za miraba midogo midogo kwenye kioo, anasema ndiyo fasheni. Fundi wa grili naye ameleta picha zake za maua. Nishike lipi?

Jibu: Marahaba mwanangu, na hongera kwa kufika hatua hiyo. Kabla hujashika picha ya yeyote, vuka barabara, geuka, uitazame nyumba yako. Paa limefichwa, kuta zimenyooka, madirisha yamelala kwa upana. Nyumba ya namna hiyo uzuri wake uko kwenye utulivu, na miraba midogo midogo itauvuruga.

Miraba hiyo ilitokana na shida. Zamani huko Ulaya kioo kilipulizwa kwa mdomo, kikazungushwa hadi kikawa sahani, kisha kikakatwa vipande vidogo. Kioo kikubwa kilikuwa ghali mno, basi seremala akaunganisha vipande kwa vijiti vya mbao, au kwa madini ya risasi katika yale madirisha ya umbo la almasi ya Uingereza. Mwaka 1959 kampuni ya Pilkington ya Uingereza ilitangaza njia ya kumimina kioo cha moto juu ya madini ya bati yaliyoyeyushwa, na kioo kikubwa kilichonyooka kikawa kitu cha kawaida. Tangu hapo kijiti katika kioo ni pambo. Pambo si kosa, ila lifanane na nyumba.

Kama moyo wako unataka vijiti, kuna mchoro mmoja unaokubali dirisha pana. Weka mstari mmoja karibu na kila ukingo, inchi 4 hadi 6 kutoka kwenye fremu, ili kwenye kona nne pabaki miraba midogo na katikati pabaki kioo kitupu. Marekani mchoro huo unahusishwa na nyumba za Prairie za mwanzoni mwa karne ya 20, ambazo msanifu wake anayejulikana zaidi ni Frank Lloyd Wright. Nazo zilikuwa nyumba zilizolala kwa upana, kama yako. Kwa dirisha la slaidi, lichukulie dirisha zima kuwa moja: vijiti vya wima vikae kwenye kingo mbili za nje tu. Ukichora kila kipande peke yake, katikati patajaa mistari. Na vijiti visiwe vinene, maana vipande vikipishana vinakwaruzana.

Sasa grili. Maua yaache kabisa kwa nyumba hii. Nondo za wima zinatosha. Dirisha lako la futi 6 ni inchi 72. Ukitumia nondo za mraba za nusu inchi, zikiwa 17, nafasi kati ya moja na nyingine inabaki inchi 3 na nusu hivi. Kwa nini 17 na siyo 16? Kwa sababu namba witiri inaiweka nondo moja katikati barabara, nyuma ya ule ukingo wa aluminiamu ambapo vipande viwili vya slaidi vinakutana. Ukitoka nje unaona mstari mmoja. Zikiwa 16, ukingo unaangukia kwenye uwazi, na jicho linahisi kasoro bila kujua iko wapi. Hesabu hiyo inafanyika kwa dakika chache kwa kalamu na futi ya mkononi, ila ni lazima fundi wa grili ajue ukingo wa slaidi utakaa wapi. Narudia: wakutanishe.

Na kwa kuwa hukuuliza, nikuongezee. Slaidi hufunguka nusu tu. Kwa joto letu la Januari na Februari, chumba cha kulala kinahitaji kaskazi yote inayopita. Chumbani fikiria dirisha la bawaba linalofunguka lote. Likifunguka kwa nje, grili ikae ndani; nimeona grili imefungwa nje na dirisha halifunguki hata shibiri.

Swali (Raskazone): Tumerithi nyumba ya zama za Mwingereza. Madirisha ni ya mbao, marefu, yenye vioo vidogo vidogo. Baadhi yameoza sehemu ya chini. Ndugu zangu wanataka yang'olewe yote iwekwe aluminiamu. Unashauri nini?

Jibu: Nawaomba msiyang'oe. Nyumba kama hiyo sura yake imeshikwa na madirisha. Ukiondoa vijiti ukaweka kioo kimoja kikubwa, ukuta unabaki na mashimo meusi, na hata paa la vigae linaonekana zito kupita kiasi.

Chukueni bisibisi mchome mbao pole pole, dirisha moja baada ya jingine. Mara nyingi kilichooza ni ubao wa chini tu, pale maji ya mvua yanapotua, na vijiti vya juu ni vizima kabisa. Seremala mzuri anakata sehemu iliyooza na kuunga mbao mpya. Mtiki hatuutafuti mbali. Shamba la miti la Serikali la Longuza lipo hapo Muheza. Mvule na mninga pia zinafaa. Puti inayoshika kioo, iliyokauka na kupasuka, ibanduliwe yote, iwekwe mpya, kisha rangi ipande kidogo juu ya kioo ili maji yasipenye.

Tahadhari moja ya afya: rangi za zamani huenda zina madini ya risasi. Msipige msasa mkavu watoto wakiwa karibu. Lowesheni rangi kwanza, fundi afunge pua na mdomo, na mabaki yakusanywe.

Kama mwisho wa yote ndugu watashinda, basi idadi ya vigawanyo ibaki ile ile na fremu ziwe nyembamba. Kanuni ya madirisha ya aina hiyo ni kwamba kila kipande cha kioo kina urefu kuliko upana. Fundi wa aluminiamu hupenda kupunguza mstari mmoja ili kurahisisha kazi, vipande vikatoka vimelala. Msikubali. Na grili iwe ya ndani, kila nondo nyuma ya kijiti chake. Zitakazozidi zigawane nafasi sawasawa.

Swali (Makorora): Je, mchoro wa grili unaongeza gharama?

Jibu: Ndiyo. Kila mahali chuma kinapokutana na chuma pana mkato, pana kuchomelea na pana kusugua. Nondo za wima zinakatwa kwa kipimo kimoja na kazi inakwenda haraka. Almasi na maua yanakula muda wa fundi na vipande vingi vinabaki havina kazi. Hiyo tofauti ipeleke kwenye rangi nzuri na bawaba imara.

Swali (Ngamiani): Mimi nina nyumba ya Kiswahili, korido katikati, vyumba pande mbili, baraza mbele. Nataka kubadilisha madirisha ya mbele yapendeze, niweke vioo na grili ya maua. Mama yangu anasema niache kama yalivyo. Nani ana haki?

Jibu: Mama ana haki zaidi, lakini na wewe hujakosea kutaka nyumba ipendeze.

Tazama hilo dirisha limetatua mambo mangapi. Liko karibu na baraza, watu wanakaa kibarazani wanazungumza, wengine wanapita barabarani umbali wa mkono tu. Kioo kitupu kitamlazimisha mama ashushe pazia zito mchana kutwa, na chumba kitakosa hewa. Milango miwili midogo ya mbao yenye mapengo ya kupitisha hewa inampa faragha na upepo kwa wakati mmoja. Mafundi wa zamani walijua hilo. Mapengo yalilazwa kwa mshazari, aliye nje haoni ndani, aliye ndani anaona miguu ya anayekuja.

Ningekuwa mimi, ningeligawa dirisha mara mbili kwa kimo. Chini, mbao za kufungua zenye mapengo. Juu, futi moja hivi, kioo kisichofunguka ili mwanga uingie mchana kutwa bila mtu kuchungulia. Ule mstari unaotenganisha juu na chini uwe kwenye usawa mmoja na mbao ya juu ya mlango wa mbele. Fanya hivyo kwa madirisha yote ya mbele na nyumba itasimama kwa heshima ambayo maua ya chuma hayawezi kuileta.

Hayo maua kama unayapenda, yape mahali pamoja: juu ya mlango wa mbele, kwenye uwazi wa kupitisha hewa. Hapo yanaonekana, hayashikwi na vumbi la barabara sana, na hayapigani na kitu. Hata nyota ya pembe nane, ambayo wengi mmeniuliza, mahali pake ni hapo. Nyota inataka nafasi ili isomeke. Ukiirudia ndogo ndogo kwenye kila dirisha inageuka msongamano wa vyuma.

Swali (mama wa watoto watatu, Mikanjuni): Mwanangu wa miaka miwili alinasa kichwa kwenye grili ya dirisha la sebuleni. Tulimtoa salama kwa mafuta ya nazi na subira. Mume wangu anasema tuongeze nondo. Nipe ushauri.

Jibu: Pole sana dada, na tumshukuru Mungu. Mumeo amesema kweli. Uwazi kati ya nondo usizidi inchi 4, kipimo kinachotumika pia kwenye vizuizi vya ngazi na roshani ili kichwa cha mtoto kisipite. Hatari kubwa ni mwili kupita na kichwa kubaki. Kwa hiyo angalia na michoro ya mapambo: duara au almasi inaweza kuwa na uwazi mpana katikati hata kama nondo nyingine zimebanana. Na nondo za kulala zipunguzwe ziwe chache mno, kwa sababu mtoto anazipanda. Mwizi naye anazipanda kwenda juu kama nyumba ni ya ghorofa.

Lakini dada, wakati fundi yuko hapo na mashine yake, mpe kazi nyingine iliyo muhimu kuliko ya kwanza. Katika kila chumba cha kulala, grili ya dirisha moja ifunguke. Tunajifungia ndani kwa chuma pande zote, tunabaki na mlango mmoja wa mbele na mmoja wa uani. Moto ukiwaka korido, aliye chumbani anakwenda wapi? Sehemu inayofunguka iwe na upana wa futi 2 na kimo cha futi 2 na nusu angalau, ili mtu mzima apite na mtoto mkononi. Iwe na bawaba ngumu za kuchomelea, komeo kwa ndani na kufuli. Ufunguo utundikwe chumba hicho hicho, mbali na mkono wa aliye nje, na kila mkubwa wa nyumba ajue ulipo hata gizani. Wafundishe na wale wa miaka saba, minane. Jaribuni kuifungua grili hiyo kila baada ya miezi michache, maana kufuli la pwani hugoma kwa kutu.

Uzuri haupotei. Fremu ya sehemu inayofunguka ifuate mistari ile ile ya dirisha: kama slaidi imegawanyika katikati, kigrili kifunguke nusu moja, ukingo wake uwe nyuma ya ukingo wa aluminiamu. Mgeni hatajua kama ni mlango.

Swali (Sahare): Grili zangu hazina miaka mitatu, tayari kutu imeanza kudondosha michirizi ukutani. Niko karibu na bahari. Nilidanganywa chuma?

Jibu: Huenda chuma ni kile kile cha wenzako, chumvi ndiyo inayokumaliza. Nenda ukaangalie kutu imeanzia wapi. Nakisia utaikuta sehemu tatu: pale nondo zinapoingia kwenye plasta, kwenye viungo vya kuchomelea, na juu ya flati ba, yaani vyuma bapa, zilizolala, ambapo umande wenye chumvi unatua na kukaa.

Makosa mengi hufanyika kabla grili haijafika nyumbani. Fundi akimaliza kuchomelea, yale magamba meusi juu ya kiungo yagongwe na kusuguliwa mpaka chuma king'ae, kisha ipakwe rangi ya kuzuia kutu pande zote, hata ncha zitakazozama ukutani. Wengi wanapaka baada ya kufunga, kwa hiyo ncha zinaingia kwenye plasta zikiwa uchi. Kama plasta ilichanganywa na mchanga wa baharini, hali inakuwa mbaya zaidi.

Kwa hizo ulizonazo: sugua hadi chuma kizima, paka kizuizi cha kutu mara mbili, kisha rangi ya mafuta. Zioshe kwa maji baridi ya bomba mara kwa mara, hasa wakati kusi inavuma. Na jirani yako akijenga nyumba mpya, mwambie achague mchoro wenye viungo vichache. Mabomba matupu yazibwe miishoni, kwa sababu maji yakiingia ndani yanakula chuma pasipoonekana. Chuma kilichochovywa zinki ni kizuri, mradi kichomelewe kwanza ndipo kichovywe. Kukichomelea baadaye kunaunguza zinki pale pale kinapohitajika, na moshi wake unamdhuru fundi. Stenlesi nayo ina daraja: ile ya 304 hupata madoa karibu na bahari, ya 316 inavumilia zaidi. Na grili ya chuma isigusane moja kwa moja na fremu ya aluminiamu. Vikikutana penye maji ya chumvi aluminiamu inaliwa. Weka kipande cha mpira katikati.

Swali (Bagamoyo): Nimekodi jengo la zamani Mji Mkongwe wa hapa Bagamoyo, nataka kufungua nyumba ya wageni. Mlango wa mbele ni wa nakshi. Nafikiri madirisha nayo niyawekee grili zenye nakshi kama za mlango, ili vifanane.

Jibu: Kwanza kabisa, usiguse ukuta wala dirisha kabla hujaongea na watu wa Mambo ya Kale na halmashauri. Majengo ya zamani yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na kibali unakitafuta kabla ya fundi kuja.

Kuhusu nakshi, mwenzangu, uache mlango uzungumze peke yake. Nyumba za mawe za pwani zilijengwa hivyo kwa makusudi: utajiri wote wa mkono wa fundi umewekwa mlangoni, na madirisha yana nondo za wima zilizonyooka na mbao mbili za kufunga. Simama barabara ya India uangalie jengo lolote ambalo halijaguswa sana, utaona jicho linakwenda moja kwa moja mlangoni. Ukiweka maua ya chuma kulia na kushoto, ule mlango unapoteza nusu ya nguvu zake.

Uwazi wa madirisha hayo ni mrefu na mwembamba, na ukuta wa mawe ya matumbawe ni mnene kiasi cha mtu kukalia kizingiti. Tumia unene huo. Weka nondo kuelekea nje, mbao katikati, na wavu wa mbu kwa ndani kwenye fremu yake ya kutoa na kurudisha. Hivyo kila kitu kinafunguka bila kugongana, na aliye barabarani haoni wavu. Nondo zifuate idadi ya zile za zamani. Kama moja imebaki, ipime unene na nafasi, uiige hiyo hiyo. Unapozishika ukutani tumia chokaa. Saruji ni ngumu kuliko mawe yale, inazuia unyevu kutoka, na baada ya mvua chache plasta inaanza kubanduka kuzunguka dirisha.

Swali (Duga): Mimi nimeshachelewa. Grili zangu ni almasi, vioo vina miraba, nje inaonekana vurugu na sina fedha za kung'oa. Nifanyeje?

Jibu: Anza na vioo. Vijiti vingi vya miraba vimebandikwa tu. Mwite fundi avitoe, alainishe gundi na kuisafisha. Mistari itakuwa imepungua nusu kwa kazi ya siku moja. Kisha paka grili rangi nyeusi au kijivu cha mkaa. Ukiwa nje mchana, ndani ya nyumba kunaonekana giza, na chuma cheusi kinapotelea humo. Nyeupe ndiyo inayong'ara na kuonyesha kila kona ya almasi, tena kutu ikitoka inaonekana mara moja. Kama kuna vijiua vilivyochomelewa juu ya almasi, mashine ya kukatia inaviondoa. Mwambie fundi asugue alipokata na apake kizuizi cha kutu siku hiyo hiyo. Malizia na madirisha ya mbele tu kwanza. Ya uani yanaweza kusubiri.